Kompyuta Ndani ya Kasha la Redio

Vijana mnaopita hapa barazani kwangu Misugusugu, begi la bisibisi mgongoni na simu mbili mkononi, huwa mnaniuliza swali lilelile: Mama Fundi, katika miaka yote ya kazi, mashine gani ilikusumbua kuliko zote? Najua mnachotaka kusikia. Mnataka niseme ni ile mitambo mikubwa ya chuoni, iliyokuwa na chumba chake na kiyoyozi chake na ufunguo wake. Hapana. Ile ilikuwa na vitabu vya maelekezo, na kitabu kikishindwa kulikuwa na mtu wa kumpigia simu. Iliyonitoa jasho ni kompyuta ndogo ya nyumbani, niliyoiunda nikiwa nimeshastaafu, kwa vipuri nilivyokuwa navyo chini ya kitanda. Mwenye nayo hakutaka iwe na kasi, wala hakutaka iwe nzuri. Alitaka isisikike. Na aliyetakiwa asiisikie ni mtu mwenye masikio makali kuliko binadamu yeyote niliyewahi kukutana naye.

Basi kaeni. Chai imo kwenye chupa, vikombe mnajua vilipo. Nitaeleza kwa namna yangu ya kuruka huku na huku, na anayetaka mambo yaliyopangwa akasome kitabu.

Mtu mwenyewe ni Mzee Salumu. Alikuwa na kibanda cha kutengeneza redio Kisarawe mjini, chumba kimoja chenye dirisha la mbao, na sisi wote tulimwita Fundi tu, kana kwamba duniani hakuna mwingine. Wazazi wangu walikuwa wamehamia Kisarawe kutoka Upare, baba akilinda msitu, na mimi nilikuwa msichana aliyemaliza shule bila kujua anakwenda wapi. Baba alitaka nijifunze cherehani. Siku moja nikatumwa kupeleka redio yetu kwa Fundi, nikasimama dirishani nikimwangalia anavyoifungua, na kesho yake nikarudi bila redio yoyote. Hakuniuliza nimefuata nini. Alinipa brashi akanionyesha rafu yenye vumbi. Huo ndio uliokuwa usaili wangu, na sikumbuki kama kuna siku aliniambia rasmi kwamba nimepata kazi.

Fundi alikuwa na desturi yake. Kifaa kikishatengenezwa, kabla hakijarudi kwa mwenyewe, anakiwasha, anavuta stuli, anakaa akikipa mgongo, anafumba macho. Hasikilizi muziki wala taarifa ya habari. Anasikiliza kilicho chini yake: mngurumo, mkwaruzo, kitu kinachotetemeka mahali kisipotakiwa kutetemeka. Akisikia kasoro, anageuka bila neno na kuchukua bisibisi. Asiposikia kitu, anafumbua macho na kusema, "Mfungie."

Maana yake ni mfungie mwenye mali mzigo wake. Siku hizo redio haikutoka kwa fundi ikiwa wazi. Ilifungwa kwenye kanga ya mwenyewe, au kwenye shuka kuukuu, fundo juu, masikio mawili ya kitambaa yamesimama, ili vumbi la njiani lisiingie kwenye spika. Mfungaji nilikuwa mimi. Katika miaka yote niliyokaa pale Fundi hakuwahi kuniambia kazi yangu ni nzuri, wala sikumsikia akimwambia mtu mwingine. Ni ama "Mfungie", ama bisibisi. Nilijifunza kulisubiri neno lile kuliko mshahara.

Na msidhani alikuwa akijifanya. Aliwahi kuja mama mmoja kutoka Maneromango kuchukua redio yake, tumeshaipangusa, inaimba vizuri kabisa. Mama ameshatandaza kanga mezani. Fundi akakaa, akaipa mgongo, akafumba macho, kisha akasema kuna mtu humo ndani anatembea. Yule mama akacheka, nami nikacheka, na tulipofungua tukakuta mende na ukoo wake mzima nyuma ya spika. Mama akaapa kwamba mende hao si wake, wameingilia kwetu, kwake hakujawahi kuwa na mende. Walibishana hadi adhuhuri. Mimi tangu siku hiyo sijawahi kufunga kifuniko bila kupiga tochi ndani.

Nilipokuja Kibaha kufanya kazi chuoni, niliajiriwa kushika vipaza sauti na mashine za kurudufu karatasi. Kompyuta zilikuja baadaye, na zilipokuja hakuna aliyezitaka ziwe mzigo wake, kwa hiyo zikawa zangu. Nilizijulia kazini, kwa kozi fupi na kwa kuharibu moja mbili. Lakini kilichonibeba ni kile kiti cha Fundi. Sikiliza kabla hujafungua. Feni inayokwaruza asubuhi na kunyamaza ikipata joto, mafuta yake yamekauka. Diski inayogonga taratibu, tik, kimya, tik, usianze kuitafutia ugonjwa, hamisha kwanza kazi za watu zilizomo ndani ndipo uhangaike nayo. Na ukipuliza vumbi kwa blowa, kapulizie nje, na uzuie mapanga ya feni kwa kidole. Nawaona mnavyoiacha feni izunguke kwa upepo wa blowa mkifurahia mlio wake. Huko ndiko kuiua.

Vumbi la huku kwetu mnalijua, la Kongowe likiingia kwenye mashine halitaki kutoka. Palikuwa na katibu muhtasi mmoja, Mungu amweke pema, aliyekuwa akipambana na vumbi hilo kwa kitambaa. Alikuwa ameifumia kompyuta yake gauni zima kwa uzi mweupe, maua ya waridi pande zote, na hakuivua hata ikiwa inafanya kazi. Kila wiki ananiita kwamba kompyuta inajizima yenyewe. Nilimweleza kwamba mashine inahema kwa nyuma na yeye ameiziba pua. Akanuna, maana kufuma kule kulimchukua masika nzima. Mwishowe tulikubaliana: gauni livaliwe, ila mashine izimwe kwanza. Alinisalimia tena baada ya muda mrefu.

Sasa twende Chole. Fundi alipochoka na mji alirudi kwao Chole, kule ndani Kisarawe, kwenye mikorosho ya baba yake. Mkewe alikwisha kutangulia mbele ya haki. Alikuwa akiishi na binti yake wa mwisho, Mwanahamisi, ambaye kazi yake ni kuchapa: katiba za vikundi vya akina mama, barua za maombi, mihtasari ya vikao vya kijiji. Shule moja ilipobadilisha vifaa ilimpa kompyuta kuukuu, lile sanduku kubwa la kusimama, naye akaiweka sebuleni. Kazi ikachangamka. Watu wakawa wanamfuata hata kutoka vijiji vya jirani.

Kisha Fundi akapata kiharusi. Mguu mmoja ukawa mzito, mkono wa upande huohuo ukalegea, na maneno yakamwisha, yakabaki machache ya kuomba maji na kuitikia salamu. Masikio hayakuguswa. Kwenye nyumba ile ukuta kati ya sebule na chumba cha mzee haufiki juu, ni wa kuzuia macho tu, na feni ya lile sanduku ilikuwa imekwisha. Mwanahamisi akiwasha kompyuta, mzee anaisikia ile feni kule ndani, na kwa masikio yake hiyo si kelele, hiyo ni kazi iliyoachwa nusu. Anaamka kuja kuitengeneza.

Mwanzoni walicheka. Mzee anatoka akishika ukuta, anapapasa mfuko wa shati kutafuta bisibisi, hana, basi anachomoa waya wa umeme. Katiba ya watu imepotea. Mwanahamisi anamrudisha kitandani, anawasha tena, naye anaamka tena. Kumkataza ni bure, anaitikia kwa kichwa na kuja vilevile. Siku moja alijikwaa kwenye kizingiti akaanguka, akapasuka juu ya jicho. Hapo ndipo kaka yake Mwanahamisi, Ramadhani, anayefanya kazi Tanga, aliposema basi. Baada ya Idi angekuja kumchukua baba akakae naye mjini. Mzee alipoelezwa aligeukia ukutani, na chakula cha siku ile hakukigusa.

Mwanahamisi alinipigia simu akanieleza haya yote, nami nikiwa hapahapa nachambua mchele. Hakuwa analia, alikuwa amechoka.

"Dada, nikiacha kuchapa hatuli," aliniambia. "Nikiendelea, baba ataanguka tena, au watamchukua. Na akitolewa Chole hatarudi mzima. Nitengenezee ambayo baba hataisikia."

Nikamjibu haraka, kama mnavyowajibu wateja wenu, kwamba hilo jambo dogo. Nilipokata simu ndipo nikakumbuka ni masikio ya nani tunayazungumzia.

Mtaniuliza kwa nini asipewe laptop tu mambo yakaisha. Feni ya laptop ni nyembamba na inalia kama mbu, Fundi angeisikia kabla hata ya ile kubwa. Halafu laptop nilizokuwa nazo zote zilikuwa maiti, hii kioo kimepasuka, ile bawaba zimeng'oka. Lakini maiti ya laptop ina mali ndani yake, na hilo ndilo nataka mlishike. Bodi ya laptop iliundwa kula umeme kidogo, na inayokula kidogo haichemki sana, na isiyochemka sana unaweza kuipoza bila feni. Nikamwaga sanduku langu la vipuri sakafuni. Mwalimu, yaani mume wangu, mwalimu mstaafu, akaruka makorokoro hayo kwenda kuchukua gazeti lake na kuuliza kama tumehamia gereji.

Nilichagua bodi yenye prosesa dhaifu kuliko zote. Kwa kuchapa barua huhitaji shujaa. Zipo bodi zinazokataa kuwaka zikikosa feni, zinakuandikia onyo na kugoma, hizo usibishane nazo, weka pembeni. Yangu ilikubali. Mahali pa feni nikaweka bamba la alumini lenye mapezi, nililolitoa kwenye amplifaya ya zamani ya ukumbi wa chuo, kitu kizito kama tofali. Nililisugua kwa msasa hadi likawa laini, nikapaka ile dawa ya kupitisha joto, kidogo tu, tone la ukubwa wa punje ya mchele, nikalibana juu ya prosesa. Betri sikuirudisha. Ilikuwa imeanza kuvimba, na betri iliyovimba haiwekwi ndani ya nyumba ya mtu, hata ikiwa bado inashika chaji.

Joto nalipima hivi. Shika mapezi kwa vidole, halafu msalimie mtu salamu kamili: shikamoo, habari za nyumbani, watoto hawajambo, na za huko utokako. Ukimaliza zote vidole bado vipo palepale, joto linakubalika. Ukitoa mkono kwenye habari za watoto, ongeza bamba. Mwalimu alisalimiwa siku ile hadi akaomba apumzike.

Ikabaki nyumba ya kuitia. Nilikuwa na kasha la redio la mninga, lenye kitambaa cha manjano mbele, ambalo Fundi alinipa nilipomuaga kuja Kibaha. Ndiyo redio niliyojifunzia kazi. Ndani ilikwishakufa, lakini kasha lilikuwa zima, na kwa miaka mingi Mwalimu alikuwa akiweka humo miwani na vidonge vyake vya presha. Nikamhamisha. Bodi ikaingia kana kwamba ilipimwa, bamba likakaa nyuma penye matundu, diski nikaikaza kwa skrubu kwenye mbao ya chini. Nikatoboa matundu mengine chini ili hewa baridi iingie huku na ya moto itokee kule. Nililipaka vanishi. Nikakaa kuliangalia, na sitawadanganya, nilijipenda.

Nikamuuliza Mwalimu kama anasikia chochote. Akasema hasikii. Ila Mwalimu hasikii hata nikimwambia maji yamekatika, kwa hiyo ushahidi wake nilipaswa kuutilia shaka.

Jirani yangu wa Kongowe ana pikapu, hufuata mananasi Kisarawe, akakubali kunifikisha Chole. Nililipakata lile kasha njia nzima. Mwanahamisi alinipokea kwa furaha, tukaliweka mezani, tukaliunganisha na kioo chake kikubwa, likawaka. Kimya. Mimi sisikii kitu, yeye hasikii kitu. Akanishika mkono. Kisha kule chumbani kitanda kikalia.

Fundi alitoka akishika ukuta, msuli kiunoni, kofia kichwani. Nikapiga magoti nikamwamkia, akaniitikia marahaba kwa shida, na jicho lake likatabasamu, alinijua. Lakini hakusimama kwangu. Alikwenda mezani, akaweka kiganja juu ya kasha, akakaa nacho hapo kidogo. Halafu akaligonga kwa kidole, ko, ko, akanitazama. Na mkono mzima ukaanza kupapasa mfuko wa shati.

Mwanahamisi alikwenda jikoni kuchochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu. Mimi niliona aibu ambayo sijaiona tangu usichana. Nikaichomoa mashine nyaya zake, nikaipakata tena, nikarudi nayo kati ya mananasi.

Ko, ko. Nililala nayo, nikaamka nayo. Kesho yake, nikichota unga, nikajikuta nacheka peke yangu jikoni. Enyi watu, kasha la redio ni la nini? Ni la kukuza sauti! Mbao nyembamba, tupu ndani, imekatwa na mafundi waliotaka spika ndogo isikike uani. Nami nikachukua diski inayozunguka, nikaikaza kwa skrubu nne katikati ya ngoma. Kijana yeyote wa kompyuta angetumia boksi la bati na yasingemkuta haya. Kosa hili lilihitaji mtu aliyelelewa na redio, akalipenda kasha lake kupita kiasi. Nilichukua bisibisi, ncha nikaiweka kwenye mbao, mpini nikauweka kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, kama Fundi alivyonifundisha, na mngurumo nikausikia waziwazi. Kipimo hicho nilikuwa nacho siku zote. Sikukitumia kwa sababu nilikuwa naangalia vanishi.

Nawaona mnavyotazamana. Najua zipo diski zisizozunguka. Nilikuwa nayo moja, ikanifia siku nilipoijaribu, na kazi hii nilikuwa naifanya kwa vilivyopo. Mwalimu akashauri nijaze sufi ndani, tuna mto mzima wa ziada. Sufi ndani ya kitu chenye moto, nikamwambia arudi kwenye gazeti lake. Dawa ilikuwa uani, kwenye tyubu ya baiskeli iliyokufa. Niliikata vipande vyembamba, nikavivuta kutoka ukingo hadi ukingo ndani ya fremu ndogo ya chuma, na diski nikailaza juu yake, ikaning'inia kama mtoto mbelekoni, haigusi mbao upande wowote. Miguu ya kasha nikaivalisha vipande vya ndala, ili meza nayo isipewe habari. Nikarudi kusikiliza kwa mpini wa bisibisi. Nikalegeza mpira mmoja, nikasikiliza. Nikakaza mwingine, nikasikiliza. Nilifanya hivyo hadi mpini ukawa hauna la kuniambia. Mwalimu alipika mwenyewe siku hizo, na tukala.

Mwezi ukaandama tukiwa bado tunasubiri gari. Pikapu haikwenda siku ya Idi wala iliyofuata, na nilipofika Chole Ramadhani alikwisha kufika. Begi la mzee lilikuwa mlangoni, zipu imefungwa, bakora yake imelazwa juu. Ramadhani ni mtu mwema, nisije nikaeleweka vibaya, alikuwa amenyoosha mwenyewe mashati ya baba yake. Alinipa shikamoo, akanipokea mzigo, akaniambia kwa upole nisijisumbue, maana wanaondoka kesho asubuhi. Hakutaka kuja kumkuta baba yake ameanguka na kufa sebuleni kwa ajili ya mashine. Alikuwa na haki yake.

Ilikuwa baada ya sala ya alasiri. Nikaliweka kasha mezani, nikaunganisha nyaya, nikawasha. Mwanahamisi akakaa akaanza kuchapa kikao cha kijiji kilichokuwa kimelala tangu mfungo. Kibodi kilikuwa kinalia taka-taka-taka, lakini hilo halikunitia hofu. Fundi hajawahi kusumbuliwa na sauti ya mtu anayefanya kazi yake.

Kitanda kikalia.

Mwanahamisi akaacha kuchapa. Ramadhani akanyanyuka. Mzee akatokea mlangoni, akashika ukuta, na mwanawe alipompa mkono akausukuma kando. Alikuja hadi mezani. Nilikuwa naangalia ule mkono wake mzima kama utakwenda mfukoni, kama nilivyouangalia nilipokuwa msichana wa brashi. Haukwenda. Ulikishika kiti kilichokuwa pale, ukakivuta kwa shida, ukakigeuza. Akakaa. Akaipa mashine mgongo, akafumba macho.

Tulisimama tu. Nje kuku walikuwa wanaparua majani ya mkorosho, na mtoto wa jirani anaimba kitu cha shuleni. Fundi alikuwa anasikiliza chini ya hayo yote. Ramadhani alinitazama kuuliza kinachoendelea, nikamwonyesha kwa mkono anyamaze.

Mzee akafumbua macho.

"Mfungie," akasema.

Neno lilitoka limepinda, kiharusi kilikuwa kimelivuta upande, lakini lilikuwa zima. Ramadhani akamuuliza dadake baba amesema nini, na Mwanahamisi hakujua, wao walikuwa watoto wakati ule na kibandani hawakukaa. Nilijua mimi peke yangu, na nililia, wala sioni haya kuwaambia. Miaka ya chuoni nilipewa vyeti, nilipigiwa makofi siku ya kuagwa, na hakuna kati ya hivyo kilichonifika pale liliponifika neno lile.

Nikamweleza Ramadhani maana yake, kwamba baba yake amekagua na hajaona kasoro. Akamtazama baba yake, ambaye alikuwa bado amekaa kwenye kiti, mikono mapajani, hatafuti kitu. Kisha akaenda mlangoni, akachukua begi na bakora, akavirudisha chumbani.

Mzee akanigeukia, akanitazama, akaitazama mashine. Alikuwa anasubiri. Mfungie ni mfungie, na mwanafunzi wake nilikuwa bado sijafunga. Nikaizima kwanza, maana hilo tumeshalizungumza. Mwanahamisi akavua kanga yake ya juu akanipa, nikaitandaza, nikaliinua kasha juu yake, nikalifunga kwa lile fundo la zamani, masikio mawili yamesimama. Nikaliacha palepale mezani. Halikuwa linakwenda popote, wala mzee.